Kitambaa cha Meza ya Watu Kumi na Wawili

Wivu wangu ulianzia kwenye ulimi wa mtu mwingine.

Ilikuwa mwezi wa pili. Mvua ilikuwa imetulia tangu asubuhi, na mama mkubwa, dada wa mama yangu, alikuwa ameinama juu ya ndoo ya maji ya majivu nyuma ya nyumba yetu ya mtaa wa Bel-Air. Majivu hayo tunayapata kwa kuchoma maganda ya ndizi na mabua ya maharage. Tunayajaza kwenye ndoo iliyotobolewa chini na kumimina maji juu, na kinachodondoka polepole ni maji ya rangi ya chai nyepesi yanayoteleza vidoleni. Hayo ndiyo yanayotoa unjano wa miaka kwenye vitambaa vya kitani. Yakiwa hafifu hayafanyi kitu, yakiwa makali yanakula nyuzi. Mama mkubwa hapimi kwa chombo chochote. Anachovya kidole, anagusa ncha ya ulimi, anatema, anaamua.

Siku hiyo alitema, akamgeukia msichana aliyepanga chumba kidogo cha uani, mwanafunzi wa chuo cha Kasapa.

"Chovya na weye," alimwambia.

Msichana alichovya, akaonja, akafumba macho kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Inateleza kama sabuni, mama. Na nyuma iko chumvi kidogo."

"Eee! Huyu iko na ulimi!" Mama mkubwa alipiga makofi kwa viganja vyake vilivyovimba. "Muone, huyu iko na ulimi ya kazi!"

Nilikuwa nimeshika kapu la nguo kiunoni. Niliingia katika lupango ile, ua wetu na nyumba yake, nikiwa na miaka sita, mama yangu alipoolewa mara ya pili akahamia Pweto na kuniacha kwa dada yake. Nilikulia kati ya ndoo hizo. Maji ya majivu nilikuwa nimeyaonja mara nyingi, ila kwa kuiba, nyuma ya mgongo wa mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuniambia chovya na weye.

Lazima nieleze kwamba sikuwa mtu wa kukaa. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, na ada haikuwa sababu pekee. Nilikuwa nikimwona mtu anarekebisha baiskeli nje ya dirisha, na mwalimu anafundisha, na moyo wangu unakwenda kwenye baiskeli. Nilikwenda Likasi kuona wanavyochoma matofali, nikakaa mwaka. Nilikwenda Kolwezi, nikaingia karakana ya fundi nguo, nikakunja mapindo ya suruali za watu kwa miaka mitatu. Nilikwenda Pweto kwa mama nikajifunza kukausha samaki, nikanuka samaki, nikarudi. Kila niliporudi, mama mkubwa alinifungulia mlango na kusema neno lilelile: "Wewe matako yako haijue kiti." Kisha ananipa bukari, ugali wa kwetu. Nilidhani nafasi yangu katika nyumba ile ilikuwa kama kizingiti cha mlango, itakuwepo hata nisipokuwepo.

Mara hii nilirudi nikakuta mtu amekaa kwenye nafasi hiyo.

Kazi ya mama mkubwa ni nguo za zamani. Mjini kwetu kuna nyumba nyingi zilizoachwa na Wazungu waliozijenga, na mashuka na vitambaa vyao vya meza vilibaki kwa wapishi na wafuaji wao, vikarithiwa na watoto wa wapishi, vikawekwa chini kabisa ya masanduku. Sasa wajukuu wanavitoa. Vinakuja vikiwa na mistari ya njano mahali palipokunjwa, madoa ya kutu ya pini, ukungu wenye vidoto vyeusi kama mbegu za ndizi pori, na mara nyingi herufi mbili zimetariziwa pembeni, za watu ambao hakuna anayewajua. Mama mkubwa kwanza anavitazama dhidi ya jua. Anadondosha tone la maji. Likipenya mara moja, ni kitani, naye anafurahi. Likikaa juu kama jicho, kuna wanga wa zamani ndani yake, na lazima utolewe kabla ya kitu kingine, kwa sababu rangi haishiki juu ya wanga. Kutu anaitoa kwa ndimu na chumvi juani. Chenye ukungu anakianika juu ya majani mabichi, mwezi wa pili na wa tatu, mvua ikipumzika. Wakati wa kiangazi haiwezekani, vumbi jekundu la mji huu lingefanya kazi ya kupaka rangi bila kuulizwa.

Kisha rangi yenyewe. Anayo ya maganda ya vitunguu, anayo ya magome. Lakini iliyompa jina ni ile ya kokwa za maparachichi, ambayo sisi tunayaita avoka. Unazikata, unazipika polepole kwenye sufuria kubwa ya aluminiamu juu ya mbabula, jiko letu la makaa, moto kidogo, maji yasichemke kwa fujo, na kutoka kwenye kitu cheupe kisicho na maana linatoka waridi ambalo sijaliona kwenye duka lolote. Kitambaa cheupe cha mfu kinakuwa kama shavu la mtu aliyesifiwa.

Haya yote msichana aliyaandika kwenye kaye, daftari lake. Alikuwa na kaye yenye mistari, kalamu mbili, na maswali. Kwa nini aluminiamu na si chuma? Kwa nini ndimu na si siki? Mama mkubwa, ambaye maswali yangu ya utotoni aliyajibu kwa "toka kwenye moshi", alimjibu yote. Wakati mwingine alinyamaza kwanza, akitafuta jibu, kwa sababu hakuwahi kuulizwa na mtu aliyesubiri.

Na mimi pia nilikuwa mtu wa maswali. Hilo ndilo lililoniuma. Maswali yangu yalinitoa nje ya mlango, ya kwake yakamwingiza ndani.

Nilimtafutia kosa. Hakuwa na kosa la maana. Aliimba vibaya. Alipika sombe, majani ya muhogo, yenye chumvi nyingi. Aliniita yaya, yaani ndugu mkubwa, kwa heshima, na alinisalimia kila asubuhi kana kwamba nilikuwa nimetoka safari. Nilipokosa la kusema nikasema lile ambalo mji wetu unalo tayari mdomoni dhidi ya wenye asili ya Kasai, hata waliozaliwa hapa, na ninaona haya kuliandika. Nilimwambia, tukiwa tunakamua shuka, "Weye hata si muntu wa hapa. Wazazi wako njo ba Kasai."

Aliendelea kukamua. Kukamua shuka ni kazi ya watu wawili, mmoja anazungusha kulia na mwingine kushoto, na huwezi kuacha katikati.

"Yaya, nkambo yangu alizaliwa hapa," alisema. "Bibi ya bibi. Yako alitoka Pweto na kapu ya samaki, mama mukubwa njo aliniambia."

Mama mkubwa aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akacheka hadi akashika ubavu. "Amekumaliza! Samaki ya Pweto, amekumaliza!"

Kwa siku tatu aliniita samaki ya Pweto. Nilicheka pia, kwa meno.

Mwezi wa tatu mama mmoja mjane kutoka mtaa wa pili alileta kitambaa cha meza, nape kama tunavyosema, cha meza ya watu kumi na wawili. Tulikifungua watu watatu, na uani hakikutosha, ikabidi tukikunje mara moja. Kilikuwa kitani cha kufumwa kwa maua meupe juu ya weupe, unayaona tu ukiinamisha kichwa. Baba yake alikuwa mpishi, alipewa na bwana wake, au alisema alipewa. Pembeni kulikuwa na herufi mbili.

"Za nani?" msichana aliuliza.

"Sijue. Shiye tunasemaga ni jina ya nape yenyewe," yule mama alisema. "Mutoto yangu anaolewa Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Banamama batavaa kitenge ya rose, rangi yenu ya avoka. Nataka nape ifanane nao. Mama yangu alikufa akiniambia usiuze, usikate, usipeleke kwa muntu asiye na mikono."

Mama mkubwa alitazama mikono yake. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba kama tangawizi. Tangu msimu wa mvua uanze hakuweza kukamua hata taulo. Daktari alikuwa amemwambia aache maji baridi, naye alikuwa amemjibu kwamba basi aache kuishi.

"Mikono iko," alisema.

Nilijua maana yake. Kila mtu uani alijua. Kitambaa kile kingeonwa na familia mbili nzima na wageni wao, na atakayekipaka rangi ndiye ambaye watu wangemtafuta baadaye, na ndiye ambaye mama mkubwa angemwachia sufuria. Hakusema hivyo. Alisema tu, tule. Lakini siku mbili nzima nilitembea nikiwa nimenyoosha mgongo, nikaosha sufuria bila kutumwa, nikakata kokwa nyembamba kama kucha. Niliwaza: damu ni damu. Niliwaza: nimerudi kwa ajili ya hili, ila sikujua.

Alhamisi jioni, tukiwa tumemaliza kula, alisema akimtazama msichana, "Kesho hauna masomo?"

"Hapana, mama."

"Bon. Utaingiza nape asubuhi. Mi ntakuwa ku hospitali juu ya mikono. Uko na kaye yako, kila kintu kiko ndani. Yaya yako atakusaidia."

Atakusaidia. Nilibeba masahani nje nikayaosha mara mbili.

Sasa nieleze kuhusu waya, maana hapo ndipo jambo lilipokaa. Uani kuna kamba fupi ya nailoni na kuna waya mrefu wa chuma uliofungwa kati ya mlingoti wa umeme na ukuta wa jirani. Kitu kikubwa na kizito huanikwa kwenye waya, hakuna pengine. Lakini rangi ya avoka na chuma ni maadui. Chuma kikigusa kitambaa kilichotoka kwenye sufuria ile, kikiwa bado kibichi, kinaacha alama nyeusi ya zambarau inayozama hadi upande wa pili, na hakuna ndimu duniani inayoitoa. Kwa hiyo waya tunauvisha. Tunaviringisha juu yake vipande vya shuka kuukuu, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mguu uliofungwa bandeji. "Waya anavaa kwanza, nguo anafuata," ndivyo mama mkubwa anavyosema, na kazi ya kuuvisha ilikuwa yangu tangu nikiwa na miaka tisa, kwa sababu ni kazi ya kipumbavu, ya kupanda kwenye kiti na kushuka.

Jumatano niliuvua. Vipande vilikuwa vimeota ukungu kwa mvua, nikavifua, nikaviweka kwenye ua vikauke. Ningevirudisha Ijumaa asubuhi. Ijumaa asubuhi nilivitazama vikiwa vimekauka, nikavikunja vizuri, nikaviweka kwenye beseni chini ya meza ya jikoni, nikachemsha chai.

Msichana alifanya kazi kwa kusoma kaye. Siwezi kusema uongo, alifanya vizuri. Alilowesha kitambaa kwanza ili kisipate mabaka, akakiingiza polepole, akakigeuza kwa mti bila kukiacha kipumue nje ya maji. Aliimba vibaya muda wote. Kilipotoka, kilikuwa na rangi niliyowahi kuiona mara moja tu, mama mkubwa alipokuwa na mikono mizima. Tulikikamua wote wawili, yeye kulia na mimi kushoto. Maji yalipita kwenye viganja vyangu. Niliwaza kwamba ni mikono yangu pia, na hakuna atakayelijua hilo.

Kisha nikarudi kwenye kiti changu kando ya mlango wa jikoni, nikachukua kikombe.

Alibeba kitambaa mabegani kama mtu aliyebeba mgonjwa. Alitazama kamba ya nailoni, akaona ni fupi. Akatazama waya. Katika miezi yote aliyoishi kwetu hakuwahi kuuona ukiwa uchi. Nadhani alidhani waya ule huzaliwa umevaa, na leo umebadilishwa tu. Aligeuza kichwa.

"Yaya, nianike hapa?"

Nilikuwa na chai mdomoni. Nikainua kikombe kidogo. Haikuwa ndiyo, haikuwa hapana. Ningeweza kuapa mahakamani kwamba sikusema kitu, na ningekuwa nasema kweli.

Alikirusha juu. Kilikaa sawasawa, nusu huku, nusu kule, akakivuta pembe zilingane. Alikuwa mtu wa kulinganisha pembe.

Kumeza tu. Nilikuwa na nafasi ya kumeza na kusema ngoja. Hata baada ya dakika moja kingeweza kuokolewa, hata baada ya tano labda, kwa kukitupa kwenye maji. Nilikunywa chai yote. Nilijiambia kwamba yeye ndiye mwenye kaye. Nilijiambia kwamba chuo chake kikuu kingemwambia. Nilimtazama akisugua sufuria na nilihisi furaha ndogo, chafu, yenye joto, kama unapokojoa ukiogelea mtoni ukiwa mtoto. Haikudumu. Kikombe kilipoisha nilitaka kuinuka, nikabaki nimekaa, kwa sababu kuinuka sasa kungekuwa kusema kwamba nilijua tangu mwanzo.

Yeye ndiye aliyekwenda kukigeuza. Nilisikia wimbo ukikatika.

Mstari ulipita katikati, kutoka mwanzo hadi mwisho, upana wa vidole viwili, rangi ya wino uliomwagika. Aliusugua kwa kidole gumba. Akausugua kwa mate. Akakimbia na ndimu, akarudi na kaye, akafungua kurasa, akafunga. Hakulia. Alikaa chini kwenye udongo mwekundu na sketi yake safi.

"Nilifanya nini? Yaya, nilifanya nini?"

Nikasukuma kikombe chini ya kiti.

Mama mkubwa aliingia saa sita akiwa na mikono iliyofungwa bandeji. Alisimama mlangoni mwa lupango na sikuhitaji kumwonyesha. Alikwenda hadi kwenye kitambaa, akakigusa kwa mgongo wa mkono kwa sababu vidole vilikuwa vimefungwa.

"Mama, ni miye njo nilianika," msichana alisema mara moja. "Sijue kitu gani nilikosea, lakini ni miye."

"Waya alivuliwa na nani?"

"Sijue kama alikuwa anavaa."

Mama mkubwa aligeuka. Mimi bado nilikuwa kwenye kiti.

"Weye ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Pa kiti."

Alitazama kiti. Alitazama kikombe chini yake. Alitazama umbali kati ya kiti na waya, ambao ni hatua saba.

"Basi uliona," alisema.

"Niliona."

"Na leo matako yako ilijua kiti."

Nilikuwa nimejiandaa kwa makofi, au kwa kelele, vitu ambavyo vingenipa nafasi ya kukasirika. Aliingia ndani tu. Alirudi na kitenge kichwani, akasema bila kunitazama, "Enda kwa mwenye nape. Umuambie kwa kinywa chako. Usiseme tulikosea. Sema vile ilikuwa."

Nilikwenda kwa miguu. Yule mjane alikuwa anachambua mchele kwa ajili ya wageni waliokwisha kuanza kufika. Nilisimama mbele yake nikasema yote: kwamba waya ni kazi yangu, kwamba nilificha vitambaa vya waya, kwamba msichana aliniuliza na nikanyamaza, kwamba ilikuwa kwa sababu ya wivu. Nilisema neno wivu kwa sauti, na lilikuwa dogo kuliko nilivyofikiri.

"Kwa nini unaniletea miye hiyo?" alisema. "Mi njo padri? Unipeleke fasi nape iko."

Alikuja na ungo wa mchele bado mkononi. Uani alikitazama kitambaa kwa muda mrefu. Mama mkubwa alimwambia kwamba mstari hautoki, lakini wanaweza kukiingiza chote kwenye maji yaliyolala na misumari, kikawa kijivu kizima, kijivu kizuri, cha heshima.

"Kijivu? Ni ndoa ao ni kilio?"

"Naomba musamaha, mama," nilisema.

"Musamaha haifunike meza." Alikizunguka. Alipita chini ya kitambaa akatokea upande wa pili, tukaona miguu yake tu. "Siku ya ndoa, meza ziko ngapi? Batu ya kwetu bataikala huku, batu ya bwana bataikala kule, banaangaliana. Meza ni mbili. Nilikuwa nataka kuziunganisha sababu nape iko moja." Alirudi upande wetu. "Mukate. Mustari utoke, nape zikuwe mbili. Upande wa herufi utakuwa ya kwetu."

Mama mkubwa alifumba mdomo kama mtu aliyepewa dawa chungu. Maisha yake yote alikuwa akiokoa vitambaa vya watu. Hakuwahi kukata.

"Mama yako alisema usikate," alisema taratibu.

"Mama yangu alisema mambo mengi. Nani anakata?"

Mama mkubwa aliinua bandeji zake. Msichana alitazama mikasi mezani, akaweka mikono nyuma ya mgongo.

"Miye," nikasema.

"Weye?" Mjane alicheka kwa pua. "Muntu wa wivu na mukasi?"

Nilichukua sindano, nikatafuta uzi mmoja wa kitani kando ya mstari mweusi, nikauinua, nikauvuta polepole. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa Kolwezi. Kitani hukikati kwa macho, unavuta uzi mmoja utoke mzima, unaacha njia nyembamba kama nywele, na mkasi unafuata njia hiyo. Uzi ulikatika mara mbili, nikautafuta tena. Ilichukua muda kama wa kupika maharage. Walisimama wote. Nilipokata, sauti ya mkasi kwenye kitani kibichi ilikuwa kama mtu anayetembea kwenye majani makavu, na nilipofika mwisho nikahamia upande wa pili wa mstari nikaanza upya.

Mjane aliondoka bila kuaga, ila alichukua ungo wake wa mchele na kusema, "Pindo ikuwe ndogo."

Nilipanga mfuko wangu jioni ileile, kama ninavyofanya siku zote mambo yakiharibika. Ni mfuko mwepesi. Mama mkubwa aliuona karibu na mlango.

"Unaenda wapi?"

"Sijue. Labda Likasi."

"Enda. Lakini pindo unamalizia."

Kwa hiyo Jumamosi na Jumapili nilikaa kwenye mkeka na nusu ya kitambaa magotini. Jumapili mchana msichana alikuja na nusu ya pili, akakaa mbele yangu. Alishona karibu nusu ya upande mmoja.

"Nilikuuliza, yaya," alisema mwishowe. "Nilikuuliza na ukafanya hivi." Akainua mkono kana kwamba ameshika kikombe.

"Ndiyo."

"Kama ungesema hapana tu."

"Najua."

Alitoboa kidole, akakinyonya. Hakuniambia amenisamehe na sikumwomba aseme. Baadaye aliuliza jinsi ninavyokunja pembe ili zisivimbe, nikamwonyesha, naye akaikunja mara ya kwanza sawasawa kabisa, bapa, kana kwamba pembe zilikuwa zinamngojea. Nilihisi kile kitu kikipanda tena kifuani, kilekile, hakikuwa kimeondoka hata kidogo. Nilikitazama kikipanda. Nikamwambia kaza uzi kidogo, usivute sana.

Vitambaa vilikwenda kwenye ndoa Jumamosi ya mwisho. Sikualikwa. Nilisikia kwamba mjomba mmoja wa bwana harusi aliuliza kwa nini meza yao haina herufi, na mjane akamjibu kwamba herufi hupewa waliotoa msichana. Mama mkubwa alicheka aliposimuliwa, lakini hakunitazama alipocheka.

Sufuria amempa msichana. Alitamka waziwazi, siku ya kawaida, tukiwa tunachambua kokwa, na akasema kwamba mimi nitakuwa wa kushona na wa waya. Niliitikia kwa kichwa. Mfuko wangu ulikaa karibu na mlango wiki nzima, kisha nikahitaji sweta, nikatoa sweta, kisha sabuni, na siku moja nikauona umelala tupu.

Jana asubuhi maji ya majivu yalikuwa tayari. Mama mkubwa alimwita yeye, kwa sauti ile anayomwitia, yenye kicheko mwishoni, aje aonje. Hakuniita mimi. Nikaweka sindano chini, nikaenda pia.